Bangalo la Kuta Tatu

Juma lililopita, katika ofisi moja ya Voi, mjane kutoka Mbololo aliomba msaada wa kujenga upya ukuta ulioangushwa na ndovu. Fomu ilitoa nafasi mbili tu: bangalo au ghorofa.

"Mama, nyumba yako ina ngazi?" karani akauliza.

"Ngazi ya nini, mwanangu? Ni ya udongo, vyumba viwili."

"Basi ni bangalo." Akatia alama.

Mkubwa wake aliisoma fomu, akairudisha kwa kidole kimoja. "Mwenye bangalo anajiweza. Hasaidiwi."

Mama akafunga leso yake upya. "Basi njooni mlale humo, wanangu. Hewa ni tele."

Niliwahesabu wasomi waliokuwa pale: karani, mkubwa wake, na mimi niliyekuwa nyuma ya mama kwenye foleni. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Andika: nyumba ya udongo, kuta tatu."