Nilikata ground ya amplifaya ya msikiti katikati, adhana ikaanza kutoa tik-tik

Salaam wakuu. Kosa langu la mwanzo kwenye kutengeneza board, yaani bao la saketi, lilikuwa kuamini kwamba kitu kikionekana safi, basi kinafanya kazi. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Niko Kamwokya, Kampala. Umeme nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuunguza vitu. Nina ugonjwa mmoja: solder, ile risasi ya kuungia, ikikaa upande kidogo, sina amani mpaka niitoe nianze upya.

Maalim Twaha, mwalimu wangu wa madrasa tangu utotoni, alinipa kazi ya amplifaya mpya ya msikiti. Iwe na saa ya tarakimu nyekundu, na sauti ijipunguze yenyewe alfajiri ili majirani wasilalamike.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kusikiwa na mtaa mzima.

Sasa, board hiyo ina pande mbili. Analog, yaani sauti ya maiki, ndogo na dhaifu. Na digital, yaani chip ya saa, ambayo inawaka na kuzima muda wote na kumwaga kelele.

Nilisoma mahali kwamba ground za pande hizo zitenganishwe. Ground ni ile shaba ya mgongoni ambayo umeme wote hupitia kurudi.

Basi nikaikata katikati. Mwanya mnyoofu kama wa rula, pande zikabaki zimeungana kule pembeni tu, kwenye waya wa kuingizia umeme. Niliipiga picha. Niliipenda ile board, banange.

Alhamisi tukaifunga. Adhana ya adhuhuri ikatoka, na nyuma ya sauti ya Maalim: tik-tik-tik-tik.

Mzee mmoja akauliza mlangoni, "Maalim, umemeza saa?"

Watu wakacheka. Maalim hakucheka. Akaniambia polepole, "Mwanangu, kesho Ijumaa. Hotuba siisomi na huyu mdudu. Ukishindwa, narudisha ile ya zamani."

Nikarudi nayo kwenye meza yangu ya kazi. Nikabadilisha maiki, nikabadilisha kapasita. Nikaupanua mwanya, nikidhani sijatenganisha vya kutosha. Tik-tik ikazidi.

Otieno, Mkenya anayeuza spea meza ya jirani, akaja kuchungulia. "Kaka, board yako imependeza kama keki ya harusi. Shida ni moja, inaongea."

Nikatupa kibano cha chuma kwa hasira. Board ilikuwa imelala kifudifudi, kibano kikaangukia juu ya mwanya.

Kimya.

Nikakiinua: tik-tik. Nikakirudisha: kimya.

"Weh. Fanya tena," Otieno akasema.

Wakuu, nilifanya kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

Kumbe trace, yaani vile vijia vyembamba vya shaba, za kutoka chip ya saa kwenda sehemu ya kupunguza sauti zilikuwa zinapita juu ya mwanya. Umeme ukienda lazima urudi, na wa kasi vile hutaka kurudi kwenye shaba iliyo chini ya trace yake. Mimi nilikuwa nimeikata njia hiyo. Ukawa unazunguka mpaka kwenye waya wa umeme, ukipita mlangoni kwa maiki.

Nikauziba mstari wangu mzuri kwa kipande cha shaba, chini ya zile trace. Ulionekana kama kidonda. Iliniuma, lakini nikauacha.

Ijumaa nilikaa safu ya nyuma. Mnajua khatibu hukaa kidogo kati ya hotuba mbili, maiki ikiwa wazi. Hapo ndipo nilipotega sikio.

Nikasikia feni. Nikasikia pumzi ya Maalim. Basi.

Baada ya swala akanipita akivaa viatu. "Ile ya zamani mpe Otieno aiuze spea."

Nilichojifunza: usitenganishe kwa kukata, tenganisha kwa kupanga. Najua wapo waliowahi kukata wakafanikiwa, naomba mniambie mlipitisha wapi trace zenu.

Siku hizi shaba ya mgongoni naiacha nzima, maiki naipeleka upande wake na saa upande wake, na board naisikiliza kabla ya kuipiga picha.