Mwili wa Pili wa Corinne Ashby

Waigizaji wakubwa wote wa Hollywood walikuwa na miili miwili. Mmoja walitembea nao, wakauvalisha manyoya, wakaupiga picha. Wa pili ulikaa ghorofani, katika chumba cha kushonea cha studio: sanamu ya turubai isiyo na kichwa wala mikono, imejazwa pamba hadi ilingane na mwenyewe, na jina lake limeandikwa kwa wino shingoni. Nyota hana saa sita za kusimama akichomwa pini, kwa hiyo sanamu ilisimama badala yake. Akikonda, fundi alipunguza pamba. Akinenepa, aliongeza.

Mwili wa pili wa Corinne Ashby ulitengenezwa na Eulalia Quiroz, mjane wa mtaa wa Boyle Heights, mfupi, mkali wa macho, aliyevuka mpaka kutoka Sonora, Meksiko, akiwa tumboni mwa mama yake na kuanza kushona kabla hajajua kusoma. Chumbani humo walikuwa wanawake ishirini, na hakuna aliyethubutu kugusa mkasi wake. Alikuwa na majivuno ya kazi, na tuseme ukweli, aliyastahili. Majivuno hayo hayo ndiyo yaliyomponza.

Corinne aliletwa kwake mwaka 1934, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Oklahoma, jina lake halisi Opal Stuckey, vumbi la huko bado limo kwenye sauti yake. Studio ilimfumua na kumshona upya. Walimtengeneza meno, wakamnyofoa nywele za paji la uso moja moja, wakamfundisha kuzungumza kama mtu aliyezaliwa na watumishi. Jina wakalitupa. Kiuno tu ndicho hawakukigusa. Inchi ishirini na mbili, chake mwenyewe, na magazeti yalikiimba kana kwamba kiuno kinaweza kuigiza.

"Lala," Corinne alimwambia Eulalia siku ya kwanza, akimfupishia jina papo hapo, akitetemeka ndani ya shimizi, "hawa watu wamenibadilisha hata kicheko. Wewe utabadilisha nini?"

"Mimi? Hiyo tabia yako ya kupinda mgongo. Simama wima, mwanangu, hunyonyeshi mbuzi hapa."

Corinne akacheka kicheko chake cha zamani, cha Oklahoma. Tangu siku hiyo kila Jumatatu asubuhi alipanda ngazi kupimwa, na kila Jumatatu alikula tamale mbili za Eulalia, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda ya mahindi, akijifuta mafuta ya nguruwe vidoleni kabla mtu wa lishe wa studio hajamwona. Kwa miaka mitano filamu zake zilijaza majumba ya sinema, foleni zikazunguka kona, na mbele ya futi ya Eulalia alibaki Opal. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Jumatatu moja ya mwaka 1939 futi ilikataa kukutana pale pale ilipozoea.

"Funga mlango, Lala," Corinne alisema.

"Umenenepa, bibie. Nitakunyima tamale."

"Si kunenepa."

Eulalia alimtazama usoni, kisha tumboni. "Mama Mtakatifu! Wa nani?"

"Wa mwenye mke. Usiniulize zaidi."

Katika mkataba wake kulikuwa na kipengele cha mwenendo mwema: nyota akiingia kwenye kashfa, studio inamtoa kama jino bovu. Mwanamume, kama kawaida, hakuwa na kipengele. Lakini Corinne alikuwa na mpango, nao haukuwa mpya mjini. Filamu ilibakiza wiki tano. Ikimalizika, angeugua kidole tumbo, akapumzike jangwani miezi kadhaa. Akirudi, angeonekana akitembelea kituo cha watoto yatima, wapiga picha nyuma yake, na kati ya vitanda vyote angemchagua mtoto mmoja kwa huruma.

"Nitamwasili mwanangu mwenyewe," alisema, macho yanang'aa. "Wenzangu wamefanya. Nani aliwauliza? Daktari anajua. Irma msusi anajua, maana asubuhi natapika kwenye beseni lake la kuoshea nywele. Na sasa wewe. Nifichie wiki tano tu, Lala."

"Kwa jina la Bikira wa Guadalupe," alisema Eulalia, "mdomo wangu kaburi."

Na alimficha, mwanamke yule! Alipandisha mshono wa kiuno, akaongeza vazi la mabegani, akamshikisha mkoba wa manyoya mkubwa kama paka aliyeshiba. Mwongozaji mwenyewe aliyekuwa akimtazama kutwa hakuona kitu. Ila nguo ya kuficha tumbo haikatwi bila tumbo. Kila Jumatatu Eulalia aliifungua sanamu ya Corinne na kuitandika tabaka jembamba la pamba pale chini ya kitovu, kisha akaifunika shuka. Hakuona hatari. Fundi kuilinganisha sanamu na mwenyewe ni sawa na mpishi kuonja mchuzi, mkono unakwenda wenyewe.

Alhamisi ya wiki ya nne, mchana, shuka liko chini kwa sababu alikuwa akikata, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mtu wa idara ya matangazo alikuwa akimtembeza mama mmoja wa gazeti, mwenye kofia kama sinia la matunda, aliyekula na kunywa kwa aibu za watu. Mama yule alipita katikati ya sanamu akisoma majina shingoni, akifurahi kama aliye sokoni. Akafika kwa Ashby. Akaizungushia mikono miwili kiunoni, dole gumba likapumzika juu ya pamba.

"Ala! Hiki ndicho kiuno kinachoimbwa?" alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Hiki kiuno cha muuza samaki! Jamani, mtafutieni fundi wenu miwani, macho yamezeeka."

Wanawake ishirini wakacheka. Waliongojea miaka mingi kumcheka Eulalia Quiroz walipata nafasi yao, wakaitumia vizuri.

Angeweza kusema, ndiyo, nimekosea. Angeweza kusema ni sanamu mbovu, inajazwa upya. Uongo ulikuwa tele chumbani humo, umening'inia kwenye vitundikio. Lakini damu ilimpanda, akaweka mkasi chini.

"Mimi sikosei, mama. Nimempima mwenyewe Jumatatu. Hata nusu inchi sikosei."

Kicheko kikaisha. Mama wa gazeti alimtazama polepole, akatabasamu, akampigapiga begani. "Naamini kabisa, fundi," alisema. "Hongera." Hakuandika chochote. Hakuhitaji.

Jumapili ikatoka, mistari miwili isiyotaja jina: kuna nyota wa kiuno chembamba ambaye siku hizi nguo zake zinakatwa kwa upana, je, tuandae nepi? Kufikia saa nne asubuhi hakukuwa na mhudumu wa mgahawa asiyejua ni nani. Eulalia alisoma akiwa ametoka misani, gazeti mkononi, chapati za mahindi zikiungua jikoni. Alikwenda studio siku hiyo hiyo, chumba kitupu, akachomoa pamba yote tumboni mwa sanamu na kuitia katika kopo la biskuti. Kwa nini hakuitupa, mwenyewe hakujua.

Jumatatu Corinne alipanda ngazi, uso umevimba.

"Wakubwa wamenifungia ofisini kwa saa mbili, Lala. Wanataka kujua nani alisema. Daktari hawezi. Wewe uliapa. Ni Irma, siyo? Niambie kama ni Irma."

Irma Lundquist, msusi, alikuwa mtu wa Minnesota, mnene, mchangamfu, na mdomo wake haukujua kufuli. Lakini siri hiyo alikuwa ameimeza, na aliimeza hadi mwisho. Eulalia aliyajua hayo. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe ana watoto watatu nyumbani wa kulisha, na kwamba Corinne amemshika mikono yote miwili. Hayo ndiyo aliyojiambia baadaye. Ukweli ni kwamba hakufikiri watoto. Alifikiri macho yale yatakavyomtazama akisema, ni mimi.

Akainamisha kichwa. "Wasusi huongea," akasema.

Maneno mawili. Jioni Irma alibeba brashi zake ndani ya mfuko wa karatasi, akilia kwa sauti kwenye ua, akiapa kwa mama yake aliyekufa. Jina lake likapelekwa studio zote. Hakuna aliyempa kazi tena, mpaka alipopata nafasi katika nyumba moja ya mazishi kule Glendale, akawa anawatengeneza nywele marehemu, wateja ambao hawasengenyi wala hawasengenywi.

Corinne alizaa jangwani mwezi Machi, mtoto wa kike. Baada ya mistari ile miwili, kumwasili mtoto yeyote kungekuwa sawa na kujiandika tusi kwenye paji la uso, na la mtoto pia. Wakili alikuja na mwanamke aliyevaa glavu kumchukua mtoto. Corinne alipewa muda wa kumvisha soksi. Studio ilingoja mkataba uishe, ikauacha uishe. Akacheza filamu rahisi za wachunga ng'ombe, akiokolewa na watu aliowazidi umri. Vita vilipokuja alizunguka hospitali kuwachekesha majeruhi. Kisha jukwaa la miji midogo, kisha tangazo la sabuni kwenye televisheni, mikono yake tu ndiyo inaonekana. Hakuolewa. Na kila Krismasi alimtumia Eulalia kadi, kila mwaka imeandikwa vile vile: *Kwa Lala, aliyenyamaza.*

Eulalia alizificha kadi hizo nyuma ya kabati. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakuomba pole kwa mtu. Alimwombea tu Corinne, alimwombea Irma, alimwombea mtoto ambaye jina lake hakulijua, na kila Kwaresima alipiga magoti kwenye kiungamio. Padri alizeeka akimsikiliza.

"Doña Eulalia," alimwambia mwaka mmoja, amechoka, "dhambi hii nimekuondolea mara ishirini. Inarudi kwa sababu unaileta kwa asiyehusika. Mimi nilifukuzwa kazi? Mimi nilinyang'anywa mtoto? Wapelekee wenyewe."

"Naogopa, Padri."

"Najua. Ndiyo maana unakuja kwangu."

Mwaka 1962 studio ilisafisha ghala, na sanamu zikatupwa uani zingoje lori la taka, shingo zenye majina makubwa zimelaliana kama kuni. Eulalia, aliyebakiza wiki moja kustaafu, akaiokota ya Corinne, akapanda nayo basi ameikumbatia. Dereva akamwuliza kama na huyo atashuka Boyle Heights. Aliisimamisha nyumbani karibu na cherehani.

Mwezi haujaisha, Corinne akapiga simu. Amepata kazi, alisema, ya bibi kwenye mchezo wa televisheni, vipindi vitatu, na wanataka aje na gauni lake. "Sina fundi mwingine, Lala. Umepika tamale?"

Alikuja saa kumi, ana miaka arobaini na saba, kitambaa kichwani, bado mtu anageuka barabarani bila kujua kwa nini. Alikula mbili. Alifuta vidole. Kisha akaiona sanamu.

"Mungu wangu! Nilikuwa hivi mimi?" Akaiendea akicheka, akaizungushia mikono miwili kiunoni, dole gumba likapumzika pale pale.

Eulalia akaweka sahani chini. "Usiiguse hapo," alisema.

"Kwa nini, inauma?"

"Hapo ndipo alipogusa yule mama wa gazeti." Akakaa kwenye stuli, akaanza kusema. Alisema juu ya pamba, na shuka lililokuwa chini, na kofia, na muuza samaki. Alisema, "Nikamjibu sikosei hata nusu inchi, kwa kiburi, Opal, kwa kiburi tu, kwa sababu walinicheka." Kisha akasema yaliyo mabaya zaidi. "Irma hakufungua mdomo. Mimi nilijua. Ukaniuliza, nikamtupia yeye."

Nje mtu alikuwa akiuza barafu ya maji ya matunda, kengele ikilia. Ikapita, ikaisha. Corinne hakulia wala hakupaza sauti.

"Miaka ishirini na tatu," alisema. "Nilimtukana Irma mbele ya watu. Nilimwita nguruwe."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo." Kisha akauliza jambo ambalo Eulalia hakulitarajia katika majibu yote aliyojiandalia miaka yote. "Ile pamba uliitupa?"

Eulalia akainuka, akafungua kabati, akatoa kopo la biskuti. Pamba ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imejikunja, bado ina umbo lake. Corinne akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka kwenye tumbo la sanamu, akarudi nyuma hatua moja. Akaitazama sana.

"Wiki ya ngapi hii?"

"Ya kumi na nane."

"Sina picha yake, Lala. Hata moja. Picha zangu ziko mpaka vyooni mwa wanajeshi, na yake sina." Akaichomoa pamba taratibu, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga kifungo. "Sijui kama nitakusamehe. Usiniulize leo. Na mimi si wa kwanza kwenye foleni. Irma yuko Glendale, si ndiyo? Kesho utakwenda."

"Nitakwenda."

"Peke yako. Mimi nina langu la kumwambia, nitalipeleka siku yangu."

Eulalia alidhani sasa ataondoka, akasogea kumfungulia mlango. Lakini Corinne alivua koti, akalitundika shingoni mwa sanamu, juu ya jina lake, akasimama wima katikati ya chumba na kuinua mikono kama Jumatatu zote zile.

"Nipime," alisema. "Nina kazi Ijumaa."

Eulalia akamzungushia futi. Alisoma namba, akaiandika, akaitazama, akaona siyo. Akapima tena, akakosea tena.