Swali la Mama Nililolipeleka Toronto

Watu wa kwetu Bungoma wanaamini nilikwenda Kanada kucheza kriketi, nami sijawahi kuwasahihisha. Ni kweli jina langu lilikuwa kwenye orodha ya timu ya taifa. Lakini aliyenituma hasa ni mama yangu. Wiki moja kabla ya safari nilikwenda kumuaga, akaniketisha jikoni na kuniambia, "Wafula, ukimwona dada yako, muulize atarudi lini. Muulize ana kwa ana. Jibu la simu nimelisikia miaka kumi na miwili."

Jibu la simu lilikuwa "mwaka kesho." Dada yangu Nekesa alipiga kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili mwaka kesho ulikuwa pale pale. Aliondoka kwenda kusoma nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba alipofariki, miaka mitatu kabla ya safari yangu, hakuja mazishini. Alisema karatasi zake za ukaazi bado zinashughulikiwa, na akitoka Kanada hataruhusiwa kuingia tena. Ndugu za Baba walisema waliyoyasema. Mama alijenga nyumba ndogo Bungoma, akatenga chumba kimoja kiwe cha Nekesa, na kila Jumamosi alikifagia. Mimi nilimkasirikia dada yangu, na hapo hapo nilimtamani kama mtoto anavyomtamani mtu aliyemlea.

Maana ni yeye aliyenilea, na alinilea uwanjani. Baba alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja ya kriketi Nairobi, tukikaa vyumba viwili nyuma ya stoo ya mashine za kukatia nyasi. Siku za mechi Nekesa alipanda ngazi kutundika namba za bati kwenye ubao wa alama, nami nilikaa chini nikimpitishia. Mpira ukivuka kamba ya mpaka wa uwanja ni mikimbio minne, na kabla mwamuzi hajainua mkono nilikuwa nimeshasikia sauti yake juu: "Lete nne."

Nairobi tuliondoka asubuhi, wachezaji kumi na wanne katika makoti mapya yaliyotubana makwapani. Mataifa makubwa hucheza Testi za siku tano. Sisi hatukuwa na hadhi hiyo. Yetu ilikuwa mechi ya siku nne dhidi ya wenyeji, lakini ndani ya ndege hakuna aliyeiita kitu kingine ila Testi. Wenzangu walizungumza habari za wapigaji wa Kanada. Mimi nilikuwa na pakiti ya njugu alizokaanga Mama na swali lake, na swali lilinielemea zaidi.

Toronto tulifika mchana wa jua kali, jambo lililonivunja moyo kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa baridi ya kusimulia nyumbani. Tulipelekwa hoteli moja ya North York, na kabla ya kugawiwa funguo, kocha alitoa amri: hakuna mtu kutoka bila ruhusa mpaka mechi iishe. Nilimpigia Nekesa.

"Kwa hivyo uko hapa kabisa," alisema. "Basi moja na treni moja tu."

"Tumefungiwa, Dada."

"Na mimi niko kazini kila jioni, kwa wazee wangu." Alikuwa akihudumia wazee katika makao yao. "Jumamosi nitaomba niingie nimechelewa. Hiyo ni siku ya tatu, sivyo? Nitakuja kukuona ukicheza. Unacheza?"

"Nacheza," nikasema.

Jumatano jioni, siku moja kabla ya mechi, tulialikwa chakula Unionville, nyumbani kwa Bi Shirin, Mwismailia mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa na duka la dawa mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilitutia aibu sisi vijana wa Nairobi. Alitupakulia kuku wa nazi na muhogo, akaulalamikia muhogo wenyewe.

"Huu umegandishwa, mwanangu, unatoka kwenye mfuko. Kuleni tu, msiutazame."

Nilimuuliza kama amewahi kurudi Kisumu.

"Kutembea nilikwenda. Nyumba yetu nikaikuta, wenyewe watu wazuri sana, wakanikaribisha chai. Nikakaa kwenye kiti cha wageni, katika sebule niliyojifunzia kutembea." Alinisukumia sahani. "Chai ilikuwa nzuri. Ongeza muhogo."

Alhamisi asubuhi, tukiwa tayari uwanjani kaskazini mwa jiji, nahodha alisoma majina kumi na moja. Langu halikuwemo. Nilipewa kazi ya mchezaji wa akiba, yaani kubeba chupa za maji, kupeleka glavu kavu, na kukaa karibu ili mtu akiumia nikasimame badala yake. Mchezaji huyo wa badala haruhusiwi kupiga wala kurusha. Kazi yake ni kudaka na kuzuia mpira tu. Alhamisi na Ijumaa nilibeba maji nikiwa na kizibao cha rangi ya chungwa, na jinsi uwanja ulivyokuwa mpana, kila safari ilinipa nafasi ya kuwaza nitamwambia nini dada yangu.

Jumamosi saa sita mchana nilimwona. Alikuja na kiti cha kukunja na kofia ya majani, amenenepa, anatembea kama Baba, mguu mmoja ukigeuka nje kidogo. Nilitaka kukimbia. Nilitembea, maana nilikuwa nimebeba chupa nane. Tulikumbatiana chupa zikiwa katikati yetu.

"Wewe ndiye wa maji?" aliuliza.

"Ndiyo mimi."

"Hata Baba alianza na maji," alisema, akaketi nyuma ya kamba. Nilimpenda tena palepale, na jambo hilo liliniudhi.

Baada ya chakula cha mchana, mrushaji wetu mmoja alishika paja na kutolewa nje. Nahodha akanipungia mkono. Nilivua kizibao nikaingia, na kwa bahati nikapangwa mpakani, hatua tatu mbele ya kiti cha dada yangu. Mirusho sita hufanya ova moja. Ova ikiisha, mpira hurushwa kutoka upande wa pili. Kwa hiyo nilikuwa na mirusho sita mbele ya Nekesa, kisha navuka uwanja kusimama upande mwingine kwa sita, kisha narudi. Na muda wote huo macho yalitakiwa yawe kwa mpigaji. Dada yangu alikuwa akizungumza na mgongo wangu.

Ova ya kwanza tuliulizana habari za Mama, magoti yake, ng'ombe wake. Ya pili alinieleza habari za binti yake Zawadi, wa miaka minane, aliyekuwa kwa jirani siku hiyo kwa kuwa kriketi inamchosha. Ya tatu nilirudi nimeshaamua kungoja. Nilikuwa nimepanga kumuuliza nyumbani kwake, mezani, macho kwa macho, kama nilivyoagizwa. Lakini kinywa hakikungoja.

"Mama anauliza utarudi lini."

Mrushaji alianza kukimbia. Nilisogea mbele hatua mbili kama inavyotakiwa. Mpira haukuja kwetu. Nilirudi nyuma.

"Karatasi nilipata mwaka jana," alisema. "Sijamwambia mtu. Ningeweza kuja, Wafula. Mara tatu nimekwenda kwa wakala wa tiketi, mara tatu nimetoka mikono mitupu."

Mrusho mwingine. Hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma.

"Kwa nini?"

"Nije wapi? Pale nyuma ya stoo wanakaa watu wengine. Baba mlimzika nyinyi. Nikifika itabidi nimzike mimi peke yangu, na watu wakinitazama." Sauti yake ilikuwa shwari, nayo ilinitisha kuliko kilio. "Na huyu mtoto ni wa hapa. Shule yake hapa, marafiki hapa. Nitakuja kutembea siku moja, Mungu akinipa nguvu. Lakini kurudi, sirudi. Nilijua siku nyingi. Jumapili zote hizo nilijua."

Niligeuka. Ndilo kosa pekee ambalo mtu wa mpakani hasamehewi, nami nililifanya. Nilitaka kuuona uso wake, na niliuona: uso wa Baba wenye machozi, chini ya kofia ya majani. Nyuma yangu nilisikia mlio wa gongo la mpigaji, kisha watu wetu wakiita jina langu. Mpira ulipita kando ya kiatu changu, ukavuka kamba, ukasimama kwenye mguu wa kiti chake.

Nekesa aliuokota, akanitupia.

"Lete nne," alisema polepole.

Nahodha alikuja mbio kutoka katikati. "Wafula, uko wapi wewe?" Ova ilipoisha alinipeleka mahali pengine, mbali na kamba, na niliporuhusiwa kutoka saa kumi kiti cha dada yangu hakikuwepo. Alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wazee wake.

Jumapili tulishindwa kwa wiketi sita, yaani wenyeji walitupita wakiwa bado na wapigaji sita wa kutolewa. Katika daftari la alama la mechi ile hakuna mahali jina langu lilipoandikwa, na timu ya taifa haikuniita tena.

Jumatatu, kwa kuwa ndege ilikuwa ya jioni, nilipewa ruhusa. Nilipanda treni, kisha basi la Don Mills, nikashuka Flemingdon Park, kwenye majengo marefu ya kupanga kando ya bonde. Nekesa alikuwa amepika ugali na mboga, akazimimina njugu za Mama kwenye bakuli la kioo kana kwamba ni za sherehe. Kila baada ya dakika chache mtoto wa jirani alibisha kumwita "Auntie" na kuomba kitu. Nilimuuliza Zawadi kwa Kiswahili kama anamjua bibi yake. Alielewa kila neno na akajibu kwa Kiingereza: bibi ni yule wa Jumapili, anayeuliza kama amekula. Habari ya Jumamosi haikutajwa mezani. Mlangoni dada yangu alinishika mikono yote miwili.

"Utamwambia nini?"

"Sijui, Dada."

"Mwambie tu. Mimi nimeshindwa."

Bungoma nilifika siku nne baadaye. Njia nzima nilitunga majibu, mengine mazuri kabisa, yenye mwaka kesho ndani yake. Mama alinipa chai, akangoja niimalize.

"Ulimuuliza ana kwa ana?"

"Karibu ana kwa ana," nilisema. "Hatarudi, Mama. Anasema atakuja kutembea. Karatasi anazo tangu mwaka jana."

Mama alikichukua kikombe changu, akakisuuza, akakifunika.

"Nilijua," alisema. "Kila akisema mwaka kesho nilimsikia akimeza mate. Nilitaka apate mtu wa kumwambia. Mtoto hawezi kubeba uongo kila Jumapili, atachoka kunipigia."

Nilikuwa nimevuka bahari nikidhani natafuta jibu la mama yangu. Kumbe nilitumwa kumtua dada yangu mzigo, na kwa kazi hiyo hata mchezaji wa akiba alitosha. Hasira yangu niliitafuta jioni ile nisiione. Nilichobaki nacho ni kumtamani.

Jumapili iliyofuata simu ililia baada ya ibada. Mama aliiweka kwenye sauti ya wazi kwa sababu ya masikio yake. Waliulizana hali, Zawadi akathibitisha kwamba amekula, kisha pakawa kimya mahali ambapo sote tulizoea kusikia mwaka kesho.

"Nekesa," Mama alisema, "mavuno yalikuwa mengi, nimeweka magunia ya mahindi kwenye chumba chako."

Upande wa pili Nekesa alivuta pumzi.

"Ukija kutembea," Mama alisema, "nitayatoa."