Shikamoo ya Bibi

Kahawa ikichanua, harufu ya maua yake hunirudisha kwenye mkutano ule wa kijiji. Baba, mwenyekiti wetu, alikuwa amepokea miche ya kahawa ya wanakijiji wote, akaipeleka shambani kwa mama yake. Siku hiyo bibi alitokea migombani na kikapu kichwani, udongo mbichi ukimdondokea mabegani. Miche yote alikuwa ameing'oa mwenyewe. Akakitua kikapu mbele ya baba, akapiga magoti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Mama mzazi kumwamkia mwanawe! Baba, aliyeogopwa na kijiji kizima, naye akapiga magoti pale pale vumbini.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Akamsogezea kikapu.

"Gawa kwanza."