Kesi ya Bibi Niliyoikana Mbele ya Kamati

Admin naomba unifiche, na chuo changu usikitaje, maana Bagamoyo ni ndogo na mimi bado nipo huku. Nina miaka ishirini na tatu, ni msichana wa Msata, nasomea ustawi wa jamii na nipo fildi kwenye shirika moja linalosaidia wazee na yatima. Wanaonijua wanajua nina mdomo. Haya ninayoyaandika yamenifanya niuchukie huo mdomo.

Msimamizi wangu nitamwita Mama Z. Mji mzima unamheshimu. Akipita, wazee wanamwombea dua, yatima wanamkimbilia kumpa shikamoo. Na mimi nilimpenda, siwadanganyi. Alinipokea vizuri, akanipa mtaa wa kutembelea nyumba kwa nyumba kuangalia wazee wanaishije. Ofisini wote tulijua mama yake mzazi yupo Lugoba kwa mdogo wake wa kiume, maana mwenyewe ndivyo alivyotuambia. Tukimuuliza hali ya bibi anajibu, "Alhamdulillah, anakula vizuri."

Siku moja nikapiga hodi nyumba fulani, kumbe wenyewe hawapo. Sauti ikaitika "karibu" kutoka nyumba ya pili yake, iliyofungwa kufuli kwa nje. Nikazunguka uani. Dirisha limepigiliwa mbao za boti, za buluu, na kwenye upenyo nikaona uso wa kikongwe. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba mwanangu. Nisamehe, nimekatazwa kuitika hodi, ila nimeshazoea, siwezi kumwacha mtu mlangoni hivihivi."

Bibi yule anafungiwa na binti yake wa kumzaa. Binti anakuja alfajiri anamwachia uji, anarudi jioni. Kutwa bibi yumo humo, na haja zake humohumo, eti kwa sababu anasahausahau, akitoka anamwaibisha. Nilimuuliza jina la huyo binti, akagoma kabisa. "Ana heshima zake kazini kwake. Usije ukamvunjia mwanangu heshima." Majirani nao kila nikiuliza wanatazama pembeni. Nilidhani wanaogopa ugomvi tu.

Shirikani kwetu kesi inaelezwa mbele ya kamati bila jina la mtu wala la mtaa, ili kulinda siri ya watu. Basi nikasimama nikaieleza, na nikakazana haswa, nilitaka waone wamepata mwanafunzi. Mama Z ndiye wa kwanza kusema, na mpaka leo sijui kama alikuwa hajajitambua au alikuwa anajificha. "Huyo si mtoto, ni mnyama. Mimi mama yangu akikosa chai tu silali. Aitwe hapa tumkalishe kitako." Mjumbe mmoja akauliza kama chumba kina hewa. Nikasema hakina, dirisha lina mbao za boti za buluu.

Kwenye kamati kuna mzee fundi seremala. Akacheka, akasema, "Kama zile nilizokupigilia wewe Mama Z, kwenye nyumba ya marehemu baba yenu. Ulisema unafanya stoo." Watu wakainamia vikombe vyao. Mama Z akatabasamu, akasema mbao za buluu Bagamoyo zimejaa tele, tuendelee na kesi nyingine. Tukaendelea.

Jioni akaniita. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Umenivua nguo mbele ya watu niliowalisha mimi." Nikamwambia, mama, wallahi sikujua. Akasema, "Sasa umejua."

Kesho yake nikaenda, chumba kiko wazi, kitupu, kimebaki harufu. Jirani akaninong'oneza kwamba bibi amepakiwa kwenye gari analia, anauliza anapelekwa wapi. Nikarudi ofisini nikampigia Mama Z magoti, ndiyo, mimi mwenye mdomo. Akanijibu huku anakoroga chai. "Kikao kijacho utasimama useme kesi umeitunga, ulikuwa unatafuta maksi. Ukisema, mama anarudi kitandani kwake. Usiposema, mimi sina mama wa kukuonyesha."

Nikasimama. Nikasema. Yule mzee seremala akashusha pumzi, akasema alikuwa hapati usingizi kwa kumdhania mwenzake mabaya, akamwomba Mama Z radhi. Kamati nzima ikamwomba radhi. Naye akanisamehe pale pale, akanikumbatia, akasema vijana hukosea. Kuna waliotokwa machozi kwa wema wake.

Na bibi kweli amerudi, ahadi ameitimiza. Yupo chumba kilekile, kufuli jipya, na ule upenyo umezibwa. Nilisogea juzi nikamsikia anambembeleza marehemu mumewe amfungulie. Nilipotaka kumsemesha, yule yule jirani aliyeninong'oneza akanifukuza. "Wewe si ndiye yule mwongo wa kwenye kikao? Utatuletea balaa, ondoka."

Fildi inaisha wiki hii. Maksi amenipa za juu kuliko wenzangu wote, na leo amenishika mkono akasema nikimaliza chuo nirudi ataniajiri, kazi hii inataka watu wenye huruma kama mimi. Nikienda kwa afisa ustawi, atawauliza kamati, na kamati nzima ni mashahidi kwamba nilitunga, walinisikia kwa masikio yao. Nikinyamaza, napanda gari narudi chuoni, na hakuna mtu mwingine atakayemsemea. Ndugu zangu, nianzie kwa nani, na nani ataniamini? Mnishauri upesi, maana joto la siku hizi hata mimi mwenye dirisha wazi nashindwa kupumua.