Maharage Yaliyolowa Njiani

Safari yangu ilianza kwa sababu ya maharage. Mama Pendo, mwenye nyumba wangu hapa Heru Juu, alipanda shamba zima mara tu mvua ya kwanza ilipodondoka. Mvua ikakata, jua likawaka, mbegu zote zikafia ardhini. Sasa mawingu yamerudi na ndani hana hata konzi moja ya kupanda. Msimu huu ukimpita, wanawe watakula ugali wa muhogo bila kitoweo cha maana kwa miezi mingi. Yeye ilimbidi abaki kulima upya, nami ni mwalimu na shule ilikuwa imefungwa, hivyo nikajitolea kufuata mbegu kwa dada yake anayeishi Mabamba, mpakani na Burundi. Mtu wa Tanga kama mimi hakatai kutembezwa.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Kasulu mjini, kisha basi la Kibondo. Kila abiria aliyeingia alisalimia, halafu akatoa taarifa ya mvua ya kwao: huku imenyesha, kule imepita juu kwa juu. Nje kulikuwa na vilima na migomba, na wanawake wenye majembe begani wakitazama juu. Nilifurahi sana, na sikusinzia hata kidogo. Kibondo nilikula haraka nikapata gari dogo la kwenda Mabamba.

Nilifika jioni. Mama Yusta, dada mkubwa wa Mama Pendo, alinipokea mfuko.

"Karibu, mwalimu. Keti kwanza, mbegu haikimbii."

Tulikula ugali wa muhogo na sombe, ndiyo kisamvu chao. Baadaye akanipeleka jikoni, akashusha madumu mawili kutoka darini juu ya moto, yamejaa maharage ya rangi zote yaliyochanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Nikashangaa kwamba yeye hajapanda.

"Mwaka jana mvua ilinidanganya," alisema. "Sasa nangoja. Huko kwenu inanyesha?"

"Mama Pendo anasema imeanza."

"Huyo mdogo wangu? Akiona wingu tu keshashika jembe."

Nilicheka, lakini alipomimina dumu moja zima katika mfuko wangu, kicheko kiliniisha. Hakuwa na mbegu nyingine zaidi ya madumu hayo mawili.

"Hii ikifia kwenu, litabaki dumu hili moja, tutagawana," alisema. "Mwambie asipande mpaka ardhi ilowe kweli."

Kesho yake nilirudi na mfuko mapajani, mpaka Kasulu bila tatizo. Nikapanda bodaboda ya Heru Juu, na hatujafika mbali mvua ikashuka. Nilivua koti nikafunika mfuko. Pikipiki ikateleza, tukaisukuma kwenye tope, koti likabaki koti la jina tu. Nilipoingia uani mfuko ulikuwa unachuruzika maji. Roho iliniuma, maana maharage yakishalowa hayawekeki tena: yatavimba, yataota mfukoni au yataoza.

Mama Pendo alitia mkono mfukoni, akatoa konzi iliyolowa. Nikamweleza alichosema dada yake. Akaanza kucheka mpaka akakaa kizingitini.

"Dada kasema ningoje ardhi ilowe, wewe umelowesha mpaka mbegu."

Akaenda kupiga jembe shambani. Lilitoka na bonge la udongo mweusi, umelowa mpaka chini.

"Basi tunapanda leo. Hatuna namna."

Majirani waliitwa, wakaja na majembe yao katika manyunyu, wanaimba. Wao walichimba vishimo, mimi nikadondosha mbegu mbilimbili.

"Mwalimu, mstari wako unaelekea Tanga," jirani mmoja alisema, na kuanzia hapo wakauita shamba la Tanga. Giza lilipoingia mfuko ulikuwa mtupu, nami sijawahi kuchoka kwa raha kiasi kile.

Nilikuwa nikidhani mkulima hodari ni anayewahi. Kwa ndugu hawa nilijifunza kitu kingine: mmoja akiwahi na mwingine akingoja, kuna nyumba moja itakayokuwa na mbegu, na yenye mbegu huilisha nyingine. Tatizo ni kwamba anayengoja naye lazima ajue lini aache kungoja.

Siku chache baadaye shamba lilichipua, hata mstari wangu uliopinda. Mama Pendo alipiga simu Mabamba akaweka sauti ya juu.

"Yameota, dada. Yote."

Mama Yusta akauliza:

"Mwalimu alilowa?"

"Mpaka soksi."

"Basi hiyo ni mvua ya kweli. Kesho nashusha dumu langu."