Kuni Kavu za Gwantwa

Kilima kizima juu ya Isongole kinajua: ukitaka kuona kuni kavu wakati wa mvua, nenda kwa Gwantwa. Amezipanga ukutani mpaka zinagusa bati, za mkaratusi, na amezipasua kwa shoka yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Mlango wa jiko ndio hana. Ameninginiza gunia.

Mlango aliutia motoni. Msicheke! Miaka mitatu iliyopita jirani yake Zabron alifiwa na mtoto kwa homa, na badala ya kulia akatafuta mchawi. Akamtaja Gwantwa mlangoni pa kanisa, mbele ya watu. Ulimi hauna mfupa. Toka siku hiyo benchi alilokalia Gwantwa likawa lake peke yake. Halafu mumewe Yonathani akafa, mvua ikinyesha. Desturi ya pale ni kwamba msiba ukitokea kila nyumba inaleta mzigo wa kuni. Hakuja hata mmoja. Waliokuja ni ndugu wa marehemu kutoka Isongole, wakachimba kaburi, na waliochimba kaburi lazima wale. Gwantwa akang'oa mlango, akaupasua, akasonga ugali huku analia na kusingizia moshi.

Ndipo alipoanza kurundika kuni. Aliapa hatazikosa tena, na Zabron hataonja hata kijiti. Mwinjilisti Raphaeli alihubiri kuwapenda maadui, tena macho kwake, si kwa Zabron. Ajabu hiyo, aliyepigwa ndiye anayehubiriwa! Kanisa likisali Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea Gwantwa alifumba mdomo. Hakutaka kumdanganya Mungu.

Machi hii Leah, mke wa Zabron, akafa. Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima. Majirani walileta kuni, lakini mbichi, zinatema maji, na waombolezaji walikuwa na njaa toka jana yake.

"Waache wale moshi, wifi," alisema Fortunata, dada wa Yonathani, aliyekuja kumtembelea. "Malipo ni hapa hapa duniani."

"Ndivyo."

Gwantwa alikaa akiuangalia ule moshi wa kwa Zabron. Alifurahi, tusimsingizie utakatifu. Alifurahi kama nusu saa hivi. Kisha akamkumbuka Yonathani amelazwa ndani, na maji jikoni yanakataa kuchemka, na furaha ikamwishia. Akaanza kufunga mzigo huku anasonya.

"Wifi! Unampelekea Zabron?"

"Hata kumtaja nachukia. Njoo unitwishe."

Alipitia nyuma, kwa aibu, asionekane. Zabron alikuwa huko peke yake. Hakumsalimia.

"Weka hapo nyuma ya banda, mama," alisema akiangalia chini.

Gwantwa alikwenda na kurudi mara tatu. Chakula kikaiva, watu wakala, wakaenda kuzika. Makaburini yeye alisimama nyuma kabisa. Baada ya sala mwinjilisti akatoa shukrani za familia.

"Mfiwa anawashukuru pia ndugu zake wa Isongole walioleta kuni kavu. Bila wao tungelala njaa."

Gwantwa aliganda. Ndugu wa Isongole! Zabron alijua watu wasingeonja chakula kilichopikwa kwa kuni za mchawi, mchawi ambaye kamtengeneza yeye mwenyewe. Macho yao yakakutana, uso wa Zabron ukasawijika. Gwantwa angesema tu, "Kuni ni zangu," watu mia mbili wangejitapisha pale pale juu ya majani, na mazishi ya Leah yangekuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Mkwajuni. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Miaka mitatu alikuwa akiitafuta nafasi kama hii, na sasa Zabron alikuwa akimtazama kama mtu aliyeshikwa koo.

"Amina," watu wakaitika.

"Amina," akasema Gwantwa.

Alirudi nyumbani na njaa, maana hakuna aliyempa sahani. Tenda wema nenda zako, husema walioshiba. Fortunata alikuwa amesimama penye gunia la jikoni akimsubiri.

"Wamekushukuru?"

"Wamekula," Gwantwa akajibu. Akakaa chini, akalia kwa hasira, na safari hii hata moshi wa kusingizia haukuwepo.